Sekunde Hamsini na Mbili za Kwezi

1

Lalamiko lenyewe lilikuwa la kuchekesha, na Tusajigwe Mwambene alilicheka kweli, peke yake, ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa mikono miwili. Mfuga nyuki mmoja wa Ludewa alikuwa ameandika kituoni kuuliza kama kuna mtu anayemchezea. Barua ya binti yake ilimfikia saa tatu na dakika kumi asubuhi, lakini muhuri wa barua hiyo hiyo ulisema binti aliituma saa tatu na dakika kumi na moja. Mzee alitaka kuelezwa, kwa heshima na taadhima, barua inawezaje kufika kabla haijatumwa.

Tusajigwe alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika kituo cha Mufindi, ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha chai enzi za bibi yake. Seva ziliwekwa pale kwa sababu ya baridi. Kwenye sakafu ambapo majani yalikuwa yakinyaushwa sasa palisimama makabati ya chuma safu kumi na mbili, na ukungu wa asubuhi ulivutwa ndani kupitia madirisha yale yale ya zamani ili kuyapoza. Yeye alikuwa fundi wa saa. Watu wa mtaani waliposikia hivyo walimletea saa zao za mkononi zilizokufa, naye alikuwa amechoka kueleza kwamba hajawahi kufungua saa ya mkononi maishani mwake.

Saa alizozitunza zilikuwa za seva za barua, na hazikuwa jambo la mchezo. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Muhuri, karatasi haikuwa na kauli tena mbele ya mtu yeyote. Ndoa, idhini ya upasuaji, kuachiwa kwa mfungwa, nafasi ya chuo, barua ya mwisho ya mtu anayekata roho, vyote vilisimama au vilianguka kwa muhuri wa saa uliogongwa na seva. Nani alitangulia, nani alichelewa. Watu walikuwa wameacha kubishana mambo hayo, na wengi walishukuru kwamba mabishano yamekwisha.

Aliweka kikombe chini akafungua kumbukumbu za ile barua. Ilikuwa imegongwa muhuri na Kwezi, kisha ikapitia kituo cha Njombe, kisha ikafika Ludewa. Kila kituo kilikuwa kimeandika saa yake. Njombe na Ludewa walikubaliana. Kwezi ilikuwa mbele yao kwa sekunde sabini na moja.

Hapo kicheko kilimwisha.

Kwezi ilikuwa mojawapo ya seva tisa za barua pale Mufindi, zote zimepewa majina ya ndege. Lakini usingeweza kwenda kuigusa. Ilikuwa mashine pepe: kompyuta isiyo na mwili, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa pamoja na wenzake ishirini, kila mmoja akijidhani yuko peke yake. Ile kompyuta kubwa mafundi waliiita mtambo mama. Mashine pepe haina saa ya kwake. Mtambo mama huipigia mapigo, elfu moja kwa kila sekunde, nayo huyahesabu na kujua ni saa ngapi. Mtambo mama ukizidiwa na kazi, baadhi ya mapigo humpita mmoja wa wale ishirini bila kumfikia, na saa yake huanza kubaki nyuma. Kwa hiyo ndani ya mtambo mama kuna kisahihishi, ambacho kikiona mapigo yamepotea huyarudisha baadaye kwa mkupuo.

Ajabu ni kwamba Kwezi haikuwa nyuma. Ilikuwa mbele. Tusajigwe alikaa na ajabu hiyo kwa dakika ishirini, akikagua kipengele kimoja baada ya kingine, kisha akaiona. Ndani ya Kwezi yenyewe kulikuwa na kisahihishi cha pili, kimewashwa. Kila mapigo yalipopotea, Kwezi ilikisia yamepotea mangapi ikajiongezea, na muda si muda mtambo mama nao ukayaleta yale yale. Ilikuwa kama watu wawili wanaotia chumvi katika chungu kimoja bila kuambiana. Siku zenye kazi ndogo saa ilitulia. Siku zenye barua nyingi ilikimbia.

Kando ya kisahihishi cha pili palikuwa na tarehe na herufi za aliyekiwasha. Tarehe kumi na moja Machi, T.M.

Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Ilikuwa wiki ya dhoruba, umeme ukiruka kila saa, kisahihishi cha mtambo mama kimesimamishwa kwa matengenezo, na Kwezi ikibaki nyuma mbele ya macho yake. Aliwasha kile cha ndani ili kuiokoa. Akazima na kengele ya tahadhari, kwa kuwa ilikuwa ikilia kila dakika na hakuna aliyeweza kufikiri. Kituo kilimpa barua ya pongezi kwa wiki ile. Kisha mtambo mama ukapona, kisahihishi chake kikarudi kazini chenyewe, na yeye hakukumbuka kuzima cha kwake wala kuwasha kengele. Wiki kumi na nne zilikuwa zimepita.

Alikizima sasa. Kuirudisha saa nyuma kwa pigo moja hakuthubutu, maana sekunde sabini na moja zingetokea mara mbili, na barua mbili tofauti zingeweza kujikuta na muhuri mmoja. Aliiagiza Kwezi irefushe kila sekunde kidogo sana, kiasi ambacho hakuna mtu wala mashine ingekihisi. Kwa mwendo huo ingekuwa sawa na wenzake Ijumaa mchana. Baada ya hapo kosa lisingeonekana popote isipokuwa katika kumbukumbu za zamani, kwa mtu anayejua pa kutazama.

2

Mkuu wa kituo, mzee Festo Kyando, ofisi yake ilikuwa katika chumba ambacho zamani walikuwa wakionjea chai, na bado kulikuwa na beseni la kutemea ukutani ambalo hakutaka liondolewe. Alikuwa amebakiza miezi sita astaafu. Ndiye aliyemwajiri Tusajigwe, ndiye aliyesimama naye alipofiwa na mama yake, na alimsikiliza sasa bila kumkatiza hadi mwisho, pamoja na sehemu ya zile herufi mbili.

Kisha akauliza zimepita barua ngapi. Alijibiwa elfu sitini na moja na ushei.

Wote wawili walijua kanuni. Saa ikikengeuka kwa zaidi ya sekunde mbili, barua zote za kipindi hicho husimamishwa hadi zisikilizwe upya, moja moja. Mzee Kyando alimkumbusha kilichotokea miaka saba nyuma katika kituo kimoja cha kusini, ambako kosa lilikuwa la sekunde tano tu. Barua elfu nane zilisimamishwa. Watu waliokuwa wamefunga ndoa waliambiwa hawajaoana. Mfungwa aliyekuwa amekwisha kufika kwao alirudishwa gerezani kungoja zamu yake ya kusikilizwa. Na kulikuwa na mwanamke aliyetakiwa kupasuliwa moyo, idhini yake ikasimamishwa pamoja na nyingine, naye hakuifikia siku ya kusikilizwa. Mzee alimjua yule mwanamke kwa jina. Alikuwa amekwenda msibani.

Upande wa pili, alisema, kuna saa ambayo Ijumaa mchana itakuwa sawa.

Tusajigwe alimwuliza kama anamwagiza anyamaze.

"Sikuambii ufiche, binti yangu," alisema mzee Kyando. "Nakuambia uhesabu watu kabla ya kuhesabu sekunde. Ukishawahesabu, chochote utakachoniletea nitatia sahihi."

Alitoka mle ndani akiwa amekasirika, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani. Angependa zaidi kama mzee angemtisha. Mtu akikutisha unajua pa kusimama.

Basi akafanya alichoambiwa. Siku nzima ile ya Jumanne alipitia barua za Kwezi kutafuta zile ambazo zilikataliwa kwa kuchelewa, akijiambia kwamba barua nyingi hazijali dakika moja, na kwamba pengine hakuna aliyeumia. Zilizokataliwa zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Nyingi zilikuwa mambo madogo: mtu aliyetuma maombi ya kibanda cha maonyesho dakika ya mwisho, mwingine aliyetaka kubadilisha tarehe ya usaili. Alizipitia zote kwa mpangilio, na kila aliyoifunga ilimpunguzia uzito kidogo.

Ya mia moja na tisini na mbili ilikuwa barua ya mwisho. Yohani Chengula, mpasua mbao wa Mafinga, tarehe ishirini Mei. Barua ilikuwa na sentensi moja: *Mtoto wangu Atuganile abaki na mke wangu Esnati, yeye ndiye mama yake.* Iligongwa muhuri saa nane, dakika sita na sekunde kumi mchana. Kikuku cha afya cha Yohani, ambacho kama vikuku vyote kiliandika pigo la mwisho la moyo bila kukosea, kilisema alikufa saa nane, dakika tano na sekunde kumi na nane. Barua ilikuwa imechelewa kwa sekunde hamsini na mbili. Ilikataliwa. Na kwa sababu ilikuwa imethibitishwa kwa kidole gumba cha Yohani, mke wake alishtakiwa kwa kosa ambalo watu wa mashtaka waliliita kidole cha maiti: kuchukua mkono wa mfu na kuutumia kusema asichokisema.

Kesi ilikuwa imepangwa kusikilizwa Ijumaa.

3

Jumatano asubuhi aliomba ruhusa akaenda Mafinga. Hakuwa na haki ya kwenda, na hakumwambia mtu anakokwenda.

Esnati alikuwa kwenye bustani ya miche ya misonobari nje kidogo ya mji, amepiga magoti akijaza udongo kwenye viriba, ambavyo alivipanga kwa safu iliyonyooka kama aliyetumia kamba. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Tusajigwe alisema anatoka kituo cha barua. Esnati alidhani ni wale wale wanaokuja kuandika maelezo, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kusimulia kabla ya kuulizwa, kwa maneno yaliyokuwa yamechakaa kwa kurudiwa.

Mama mzazi wa mtoto alifia leba. Esnati aliolewa na Yohani mtoto akiwa na miezi minane, hajaota hata jino. Sasa alikuwa na miaka sita. Sheria haikumtambua mama wa kambo bila barua ya baba, na Yohani kila mara alisema ataiandika, mwezi ujao, wiki ijayo, kama watu wanavyosema. Halafu vumbi la mbao likamaliza mapafu yake. Hospitali ilimrudisha nyumbani. Siku ile mchana aliomba simu, akaandika ile sentensi kwa kuitamka polepole, neno moja moja, na mwisho akaweka kidole. Ndiyo hivyo tu.

Atuganile alikuwa amechukuliwa siku ya tatu baada ya mazishi, akapelekwa Makambako kwa kaka yake Yohani, Obadia. Esnati hakumsema Obadia vibaya. Alikuwa mtu mwema mwenye watoto wake watano, naye alipewa mtoto kwa amri, kama ambavyo angepewa ndugu mwingine yeyote.

"Mwanzoni nilikuwa na uhakika, dada," alisema Esnati. "Mkono wake ulikuwa na joto na alikuwa ananitazama. Lakini wameniambia mara nyingi mno kwamba alikuwa amekwisha kufa. Sasa nikifumba macho namwona amekufa. Nimeanza kukumbuka walivyoandika wao."

Aliuliza kama muhuri unaweza kukosea. Alikuwa amewauliza na wale wengine, wakamwambia hapana.

Tusajigwe alikuwa na jibu mdomoni. Lakini lilikuwa jibu la nusu: alijua saa ilikimbia, hakujua ilikuwa imekimbia kiasi gani saa nane mchana ya tarehe ishirini Mei. Leo ni sekunde sabini na moja. Mwezi mmoja uliopita ingeweza kuwa hamsini na tano, na mama huyu ni msafi. Ingeweza kuwa arobaini, na Yohani alikuwa amekwisha kwenda. Akimpa matumaini leo, kisha hesabu ije kumnyang'anya mbele ya watu, atakuwa amemfanyia ubaya wa pili.

Alisema hajui. Akamwita Mama Atu alipokuwa akimuaga, na Esnati akainamisha uso kwenye viriba vyake haraka, kwa maana kwa mwezi mzima hakuna mtu wa serikali aliyekuwa amemwita hivyo.

4

Alhamisi alijifungia na kumbukumbu zote za Kwezi.

Njia ilikuwa ile ile aliyoonyeshwa na mfuga nyuki bila mwenyewe kujua. Kila barua iliyotoka Kwezi ilipita kituo kingine chenye saa sahihi, na safari kutoka Mufindi hadi Njombe huchukua chini ya nusu sekunde. Ukichukua muhuri wa Kwezi ukatoa wa Njombe, unapata saa ilikuwa mbele kiasi gani dakika ile. Barua zilikuwa elfu sitini na moja, na kila moja ilikuwa shahidi. Alitengeneza programu ndogo ya kuzipanga, na kufikia saa nne asubuhi mstari ulikuwa umejichora mbele yake: umelala chini mwezi Machi, ukapanda kidogo kidogo, siku za Jumatatu kwa kasi, Jumapili ukipumzika.

Alisogeza kidole hadi tarehe ishirini Mei, saa nane mchana. Alitoa mkono. Alikwenda dirishani akatazama mashamba ya chai kwa muda, kisha akarudi.

Sekunde arobaini na tisa.

Aliirudia hesabu mara tatu kwa barua tatu za jirani, ikabaki arobaini na tisa. Muhuri ulisema saa nane, dakika sita na sekunde kumi. Ukiondoa arobaini na tisa, unapata dakika tano na sekunde ishirini na moja. Moyo ulisimama sekunde ya kumi na nane. Hata kwa saa iliyonyooshwa, barua ya Yohani ilikuwa imechelewa kwa sekunde tatu.

Lililomjia kwanza, na baadaye hakulificha alipomsimulia mzee Kyando, lilikuwa nafuu. Kama hesabu haimsaidii yule mama, basi hakuna sababu ya kusimamisha barua za watu elfu sitini na moja, wala ya kusimama mbele ya watu kusema mimi ndiye. Kesho mchana saa itakuwa sawa. Lilimjia lingine pia, kwamba sekunde tatu ni kitu kidogo sana, na ndiye peke yake aliyeshika hilo jedwali, na arobaini na tisa na hamsini na tatu zinafanana mno kwa mtu asiye fundi.

Alilitazama wazo hilo la pili kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Ilikuwa picha ya Esnati akifumba macho na kumwona Yohani jinsi wengine walivyoandika. Hakutaka kuwa mtu mwingine tena wa kumwandikia.

Akaanza upya, safari hii akiifuata barua yenyewe hatua kwa hatua, tangu ilipogusa Kwezi. Na hapo ndipo alipogundua kwamba kwa siku mbili alikuwa amesahau jambo ambalo humfundisha kila fundi mpya. Muhuri haugongwi barua inapoingia. Kwanza seva hukagua kidole, ikithibitisha ni cha mwenyewe; muhuri hugongwa baada ya hapo. Siku ya kawaida ukaguzi huchukua kufumba na kufumbua. Lakini tarehe ishirini Mei ilikuwa Jumatatu yenye barua nyingi, mtambo mama umeelemewa, ule ule uzito uliokuwa ukiipotezea Kwezi mapigo. Barua ya Yohani ilikuwa imekaa foleni ikingoja kukaguliwa kwa sekunde saba.

Ishirini na moja ukitoa saba. Sekunde ya kumi na nne. Kidole kilibonyeza sekunde nne kabla ya moyo kusimama, na sheria ilisema wazi kwamba kinachohesabiwa ni wakati wa kubonyeza.

Hakushangilia. Alikwenda kunawa uso, akarudi akafanya kazi ya pili, ile ambayo mzee Kyando alikuwa ameipanda bila kuitaja. Kama angeweza kuinyoosha barua moja, angeweza kuzinyoosha zote. Hadi saa kumi na moja jioni alikuwa na jedwali la barua elfu sitini na moja, kila moja na muhuri wake wa kweli na ushahidi wa kituo cha pili kando yake. Hakukuwa na haja ya kusimamisha hata moja wakati wa kuzisikiliza. Zilihitaji kusahihishwa tu. Barua kumi na moja zilibadili upande, kutoka kuchelewa hadi kuwahi, na hizo alizipigia mstari, kwa kuwa nyuma ya kila moja palikuwa na mtu wa kuumia. Kijana mmoja wa Makete angepoteza nafasi ya chuo cha uuguzi ambayo alikuwa amekwisha kuianza, kwa sababu msichana aliyemtangulia kweli alikuwa amegongewa muhuri wa kuchelewa na Kwezi.

Mzee Kyando aliisoma ripoti akiwa amesimama. Alipofika mahali palipoandikwa jina la aliyewasha kisahihishi, alimwuliza kama anataka kuandika tu "fundi wa zamu". Tusajigwe alisema hapana. Mzee alitia sahihi, kisha akaongeza chini kwa mkono wake kwamba yeye ndiye aliyepaswa kukagua kengele kila mwisho wa mwezi, na hakukagua.

5

Shauri lilisikilizwa Mafinga katika chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Msikilizaji alikuwa mama wa makamo aliyevaa sweta la kufuma, na alitaka kuelewa, si kuambiwa tu. Tusajigwe alimweleza habari ya mapigo, na ya visahihishi viwili, na ya foleni. Alieleza nani alikiwasha kile cha pili na kwa nini. Mtu wa mashtaka alimwuliza kama anaweza kuapa kwamba marehemu alikuwa hai na mwenye akili zake alipobonyeza. Alijibu kwamba anaweza kuapia saa, na saa inasema moyo ulikuwa unapiga. Zaidi ya hapo saa haijui.

Msikilizaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwamba barua ya Yohani Chengula ni halali tangu sekunde ya kumi na nne, kwamba Esnati hana kosa, na kwamba mtoto arudishwe siku hiyo hiyo. Aliagiza jedwali la Mufindi litumike kwa barua zote zilizobaki. Mwisho akasoma kwamba leseni ya muhuri ya Tusajigwe Mwambene imesimamishwa kwa miaka mitatu. Aliusoma mstari huo polepole kidogo kuliko mingine, bila kumtazama.

Nje kulikuwa na jua la baridi. Esnati alimfuata hadi kwenye ukuta wa maua, akasimama naye. Tusajigwe alidhani anataka kushukuru na akawa anatafuta namna ya kumkatisha.

"Kuna kitu sikuulizwa mle ndani," Esnati alisema. "Mkono wake ulikuwa mzito. Aliunyanyua ukaanguka. Mimi nikaushika kwa chini, nikauinua pamoja naye hadi kwenye kioo. Tulibonyeza. Sijui ni yeye au ni mimi. Hesabu yako inaonyesha?"

Mama huyu alikuwa amelibeba hilo peke yake kwa mwezi mzima, na sasa, baada ya kushinda, alikuwa amelileta kwa mtu pekee aliyedhani anaweza kulijibu. Tusajigwe alizipima zile sekunde nne moyoni. Aliona mkono juu ya mkono, na mtu anayetazama.

"Haionyeshi, Mama Atu," alisema. "Sekunde zote nne zilikuwa zenu wawili. Ziacheni hivyo."

Esnati aliitika kwa kichwa. Baada ya kitambo akaomba, kwa aibu kidogo, kama anaweza kusindikizwa Makambako, kwa sababu hakutaka kufika kwa shemeji yake akiwa peke yake. Tusajigwe, ambaye kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita hakuwa na mahali pa kuwahi, alisema twende.

Obadia alikuwa amekwisha kupata habari. Aliwapokea uani, akampa shemeji yake mkono kwa mikono miwili, akasema ana furaha na ana aibu, na hajui aanze na ipi. Mtoto alikuwa amekaa barazani. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa vizuri na nusu nyingine nywele zimesimama, zimejaa vumbi la mwezi mzima. Obadia alieleza kwa sauti ya chini kwamba alikuja hivyo kutoka msibani, na kila mke wake alipomkalisha ammalizie, alikataa katakata na kulia, hadi wakamwacha.

Atuganile aliwatazama wakija. Hakukimbia. Alisogea tu kwenye ngazi, akaacha nafasi nyuma yake ya mtu mzima kukaa. Esnati alivua viatu akakaa, akamweka katikati ya magoti yake, akaomba kitana. Alianzia palepale alipokuwa ameachia.